Bwana Shamba Anajibu: Kianzio cha Fundi ni Fedha ya Mbao



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha alizeti kabla ya kuitia ghalani. Sasa alizeti imeuzwa. Fedha iko mkononi, au iko ndani ya simu. Wengi wa wasomaji wetu wa Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chamwino na Kondoa wanataka kujenga kabla ya mvua za Desemba. Matofali yako tayari. Mwashi amepatikana. Zinasubiriwa fremu za milango na madirisha.

Msomaji mmoja wa Kibaigwa ametuandikia barua juu ya jambo hilo. Alikwenda kwa fundi seremala kuagiza fremu. Fundi akaandika vipimo, akapiga hesabu, kisha akasema, "Leta kianzio kwanza." Msomaji wetu akakataa, akaondoka. Anauliza: "Je, ni haki mtu kulipwa kabla hajafanya kazi? Mimi nikilima mahindi silipwi mpaka niyafikishe sokoni."

Swali ni zuri. Mtu wa Kibaigwa analijua soko la mahindi. Gunia hupimwa kwanza, fedha hufuata nyuma.

Labda wengine watasema, bwana shamba na fremu ni wapi na wapi? Lakini nimeona fedha ya mavuno ya mwaka mzima ikiishia kwa fundi kwa siku moja, na fremu zisionekane. Nimeona pia mafundi hodari wakifunga karakana kwa sababu waliwaamini wateja. Fedha hiyo imetoka shambani. Kwa hiyo nitajibu.

Jibu langu ni hili. Fundi ana haki ya kuomba kianzio. Lakini hana haki ya kuomba kiasi chochote anachopenda. Kianzio ni fedha ya vifaa. Ujira wa mikono yake ni jambo jingine, nao hulipwa kazi ikiisha.

KITU CHA KIPIMO HAKINA MNUNUZI WA PILI

Mahindi ya ndugu yetu yakikataliwa na mnunuzi mmoja, mwingine yuko nyuma yake. Gunia la mahindi humfaa mtu yeyote. Fremu ya dirisha lako haiko hivyo. Wewe umetaka futi 4 kwa futi 4. Jirani yako ametaka futi 5 kwa futi 4. Ukibadili nia, fundi atampa nani fremu yako? Ataifumua. Mbao ikishakatwa na kutobolewa haiwi tena mbao ya dukani.

Ukienda Dodoma mjini utaona mafundi wa fremu za picha. Nao hufuata kanuni hiyo hiyo. Picha ya Rais na picha ya Baba wa Taifa hutundikwa katika ofisi za serikali. Fundi anajua ofisi ni nyingi na mnunuzi atapatikana. Fremu za picha hizo anaweza kuzitengeneza nyingi, azipange dukani, asimdai mtu kianzio. Lakini wewe ukimpelekea picha ya harusi ya binti yako, yenye upana wake na urefu wake, ataomba fedha kwanza. Kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma akipeleka cheti chake kiwekewe kioo, ataombwa fedha pia. Kioo kikishakatwa hakiungwi.

Wazee wetu waliijua maana ya kutanguliza kitu. Kijana akitaka kuoa, hatoi mahari yote siku ya kwanza. Anatoa kishika uchumba. Si kwamba kitu hicho kinatosha. Kinaonyesha kwamba kijana hachezi, na wazazi wa binti wakishakipokea hawawezi tena kumkaribisha mposaji mwingine. Pande zote mbili zimefungwa. Kianzio cha fundi, ambacho wengine huita arbuni na vijana wa siku hizi huita advansi, kinafanya kazi hiyo pia.

MBAO HUTOKA MBALI

Mkoa wetu ni mkavu. Hatuna misitu mikubwa ya mbao. Mninga unaouzwa hapa hutoka pande za Tabora na Katavi. Mbao za msonobari hutoka kusini, kama vile msitu wa kupandwa wa Sao Hill, wilaya ya Mufindi. Zinaposhushwa Dodoma tayari zina gharama ya kukata, ya ushuru na ya lori. Mwenye duka la mbao anataka fedha taslimu. Fundi wetu wa kijijini hana akiba ya mbao. Ana randa, msumeno, patasi na benchi. Pengine amejifunza kazi katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kama Chisalu kule Mpwapwa au Munguri kule Kondoa. Ufundi anao. Mtaji hana.

Kuna sababu nyingine ambayo wateja wengi hawaijui. Mbao mbichi ikifanywa fremu katika upepo wa Dodoma itajikunja. Tangu Mei mpaka Novemba hewa yetu ni kavu sana. Mbao hupoteza maji haraka, upande mmoja ukitangulia mwingine. Mlango uliofunga vizuri Agosti, ifikapo Oktoba unakataa kufunga. Watu humlaumu fundi. Mara nyingi kosa ni la haraka. Mteja ameleta fedha Jumatatu, anataka fremu Ijumaa. Yafaa mbao zinunuliwe mapema, zipangwe kivulini, na katikati ya kila mbao na mwenziwe viwekwe vijiti ili upepo upite. Ziachwe majuma kadhaa. Hilo haliwezekani kama kianzio hakikutolewa mapema.

PIGA HESABU MWENYEWE

Sasa tuchukue kalamu. Bei nitakazoandika ni za mfano tu. Bei za kwako utaziuliza dukani.

Tuseme unataka fremu 3 za milango, kila moja futi 7 kwa futi 3. Unataka pia fremu 4 za madirisha, kila moja futi 4 kwa futi 4, na nguzo moja katikati. Mbao za dukani zina urefu wa futi 12.

Mlango mmoja una miimo miwili ya futi 7 na kichwa kimoja cha futi 3. Milango 3 ina miimo 6. Mbao moja ya futi 12 hutoa mwimo mmoja, na kipande cha futi 5 hubaki. Basi unahitaji mbao 6. Katika vipande 6 vilivyobaki, vitatu vitatoa vichwa vya milango. Vitatu vingine, kila kimoja kitatoa kipande cha futi 4 kwa ajili ya dirisha.

Dirisha moja linahitaji vipande 5 vya futi 4. Madirisha 4 ni vipande 20. Vitatu tumekwisha kuvipata. Vimebaki 17. Mbao moja hutoa vipande 3. Kwa hiyo tunahitaji mbao 6 tena.

Jumla ni mbao 12. Ongeza moja kwa ajili ya kasoro, maana mbao nyingine huwa na ufa au kifundo. Zimekuwa 13. Fundi akikuambia 18, usigombane naye. Mwulize tu azikate kwenye karatasi mbele yako. Pengine ana sababu, labda mbao za duka lile ni fupi.

Tuseme mbao moja ni shilingi 20,000. Mbao 13 ni shilingi 260,000. Misumari, gundi, msasa, dawa ya mchwa na usafiri, weka shilingi 40,000. Vifaa vyote ni 300,000. Ujira, tuseme shilingi 20,000 kwa kila fremu. Fremu ni 7, hivyo ujira ni 140,000. Kazi yote ni shilingi 440,000.

Hapo kianzio cha haki ni shilingi 300,000. Baki ya 140,000 utailipa siku ya kuchukua fremu zako.

Najua wengi mtashtuka. Mmezoea "nusu kwa nusu". Nusu ya 440,000 ni 220,000, nayo inasikika vizuri masikioni. Lakini tazama vema. Vifaa ni 300,000. Fundi amepokea 220,000. Pengo la 80,000 atalijaza kwa fedha gani?

UGONJWA WA KIANZIO CHA MWENZAKO

Atalijaza kwa fedha ya mteja anayefuata. Ugonjwa wa karakana nyingi huanzia hapa, na si lazima fundi awe mwizi. Mteja wa pili anakuja na kazi kama hiyo hiyo, anatoa 220,000. Fundi anachukua 80,000 kumalizia mbao za mteja wa kwanza. Anabaki na 140,000, na kazi ya pili inadai 300,000. Sasa pengo ni 160,000. Anakuja mteja wa tatu na 220,000 yake. Fundi anaziba pengo la pili, anabakiwa na 60,000. Pengo la tatu ni 240,000. Mteja wa nne akija, kianzio chake chote kinaliwa na kazi ya mteja wa tatu, na bado hakitoshi. Huyu wa nne ametoa fedha, lakini kwa upande wake haujanunuliwa hata msumari.

Je, mteja wa kwanza hakumalizia deni lake? Alimalizia. Alileta 220,000 siku ya kuchukua fremu. Ila fundi alidhani zote ni ujira wake. Akanunua unga, akalipa ada ya mtoto. Kumbe ndani ya fedha ile ujira ulikuwa 140,000 tu. Zile 80,000 zilikuwa mbao za mteja wa pili.

Tena wapo mafundi waliopanga chumba cha biashara mjini au katika mji mdogo. Chumba hicho nacho huitwa fremu! Wenye vyumba wengi hudai kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo. Siku ya kodi ikifika, fundi hana pa kukimbilia ila kwenye vianzio vya wateja. Ukiona fundi anakuharakisha sana utoe fedha leo leo, na hajauliza hata vipimo, yafaa ujiulize fedha hiyo inakwenda wapi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kianzio kidogo mno hakikulindi. Kinaonekana kukulinda kwa sababu umetoa kidogo. Kweli yake ni kwamba kinamlazimisha fundi akope kwa mwenzako, na wewe pia utakopwa kwa ajili ya mwenzako.

Na kulipa yote mapema? Wapo mafundi wasemao, "Lipa zote leo nikupunguzie." Mimi sishauri. Fundi aliyekwisha kula ujira wake hana la kumharakisha. Atafanya kwanza kazi ya yule ambaye bado anadaiwa. Vilevile sipendi mteja mwenye uwezo anayekwenda kwa fundi mwezi Januari, wakati wa njaa, akampa fedha ya mbele ili apate fremu kwa nusu ya bei. Hiyo si arbuni. Kule Kagera kuna jambo kama hilo katika kahawa, huitwa butura. Mkulima huuzia kahawa mtini kwa bei ya chini kwa sababu ana shida. Tumewaonya wakulima wasiuze mazao mabichi. Tusiwafanyie mafundi wetu lile tusilotaka kufanyiwa.

NENDENI DUKANI PAMOJA

Njia ninayoipenda mimi ni mteja na fundi kwenda duka la mbao pamoja. Fundi achague, mteja alipe. Risiti iandikwe jina la mteja. Hapo kianzio hakipiti hata mkononi mwa fundi, na mbao ni zako tangu mwanzo. Ziandike alama yako kwa rangi.

Lakini usiende peke yako. Mama mmoja wa kijiji ninachokihudumia alijinunulia mbao mwenyewe ili kubana fedha. Aliuziwa mbao mbichi, nyingine zenye moyo uliooza. Fundi alizitazama akatikisa kichwa. Kujua mbao ni sehemu ya ufundi.

Tena nunua mahali pa halali. Mbao za msitu wa asili zilizokatwa kwa kibali hugongwa nyundo ya misitu, na husafirishwa kwa hati. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu mbao zisizo na vibali kukamatwa. Mbao za bei rahisi zinazoletwa usiku kwa pikipiki zikikamatwa karakanani, kianzio chako kimekwenda nazo.

ANDIKENI

Wasomaji wengi wa gazeti hili wamejifunza kusoma ukubwani. Hapa ndipo kisomo kinapolipa ada yake. Maneno ya mdomo mtayakumbuka kila mtu kwa namna yake. Chukueni karatasi mbili, mwandike maneno yale yale kwenye zote mbili, kila mmoja abaki na yake. Mnaweza kuandika hivi:

*Tarehe .......... Mimi fundi .......... nimepokea kwa ndugu .......... shilingi .......... (kwa maneno: ..........). Fedha hii ni ya kununua mbao na vifaa vya fremu ..... za milango, futi ..... kwa futi ....., na fremu ..... za madirisha, futi ..... kwa futi ...... Mbao ni za aina ya ........... Bei ya kazi yote ni shilingi ........... Baki ni shilingi .........., italipwa siku ya kuchukua fremu. Fremu zitakuwa tayari tarehe ........... Zisipokuwa tayari, fundi atarudisha .......... ifikapo tarehe ........... Mteja akivunja agizo baada ya mbao kukatwa, ............ Mteja asipochukua fremu kwa siku ..... tangu kuarifiwa, ............ Sahihi ya fundi. Sahihi ya mteja. Shahidi.*

Ile nafasi ya mteja akivunja agizo msiiruke. Ndiyo inayoleta ugomvi. Naona ni haki mbao zilizokwisha katwa zihesabiwe kuwa hasara ya mteja, na fedha ambayo bado haijatumika irudishwe. Ninyi mnaweza kupatana vingine. Bora muandike kabla.

Na siku za kuchukua nazo ziandikwe. Nimeona karakana moja ndogo imejaa fremu za watu waliotoa kianzio kisha wakanyamaza miezi minane. Fundi hana pa kusimama. Mchwa nao hawasubiri.

Andikeni kiasi kwa tarakimu na kwa maneno pia. 30,000 inaweza kugeuzwa 80,000 kwa kalamu moja tu. "Elfu thelathini" haigeuki. Ukituma kwa simu, usiufute ujumbe wa muamala. Nakili namba yake kwenye ile karatasi. Shahidi awe mtu wa karibu, kama mwenyekiti wa kitongoji. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, lakini asomewe kwanza na mtu anayemwamini, si na fundi.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Tarehe imepita. Fremu hakuna. Ukuta wako wa matofali mabichi umefika usawa wa madirisha, na mawingu yamekwisha kuonekana upande wa mashariki. Mvua ya siku mbili inaweza kuuyeyusha. Hasira inakuja, na najua wengi hukimbilia polisi.

Tambua tofauti. Fundi aliyechelewa, au aliyeshindwa, ana deni. Hilo ni dai, si jinai. Polisi si wakusanya madeni. Lakini mtu aliyepokea fedha akijidai fundi, kumbe nia yake tangu mwanzo ilikuwa kudanganya, huyo amefanya kosa la jinai na polisi wanahusika.

Kwa dai, anza na fundi mwenyewe. Nenda na karatasi na shahidi. Mwulize mbao ziko wapi. Kama zipo, zichukue umpelekee fundi mwingine. Kama hazipo, mpatane tarehe mpya na mwandike tena. Akikaidi, nenda kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Isiposaidia, fungua madai Mahakama ya Mwanzo.

Huko karatasi yako itakuwa na nguvu. Ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyoanza enzi za ukoloni. Inasema mkataba wa kuuziana bidhaa ya shilingi 200 au zaidi hausimami mahakamani, ila kama mnunuzi amekwisha kupokea sehemu ya bidhaa, au ametoa arbuni au sehemu ya bei, au kuna maandishi yaliyotiwa sahihi na yule anayedaiwa. Shilingi 200 wakati ule ilikuwa fedha nyingi. Leo haitoshi kununua hata misumari ya fremu moja, lakini unaona kwamba arbuni inatajwa humo waziwazi. Ipo pia Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Hiyo inasema aliyevunja mkataba humlipa mwenzake hasara iliyotokana na kuvunjwa huko. Inamhusu fundi, na inamhusu mteja vilevile.

Sasa ndugu yetu wa Kibaigwa, ulimwacha fundi wako akiwa na vipimo vyako kwenye daftari. Rudi kwake juma hili, maana mbao zinahitaji muda wa kukauka. Usimwulize anataka kianzio cha kiasi gani. Mwulize kazi yako inahitaji mbao ngapi, za urefu gani, na duka gani lina mbao kavu. Nenda naye. Karatasi mbili na kalamu ubebe wewe.

Mwezi ujao tutajibu barua kutoka Bahi juu ya panya wanaokula mtama ghalani.